Skrubu ya Hariri Ndani ya Mfupa

Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda akawekewa vyuma huwa hajamalizana na hospitali siku kidonda kinapofunga. Wapo wanaozeeka na vyuma vyao bila shida. Wengine huvisikia kwa maumivu, au huingiliwa na vijidudu, ikawalazimu kupasuliwa tena ili vitolewe.

Katika eneo la Boston, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, akiwamo David Kaplan, walishirikiana na madaktari wa hospitali ya Beth Israel Deaconess kujaribu skrubu za hariri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: skrubu 28 zilifungwa kwenye mifupa ya miguu ya nyuma ya panya 6 wa maabara. Hakuna iliyovunjika wakati wa kufungwa, na kati ya wiki ya 4 na ya 8 zilikuwa zimeanza kuyeyuka zenyewe.

Hariri si ngeni katika upasuaji, kwani madaktari wameshonea vidonda kwa nyuzi zake tangu zamani. Kilicho kipya ni kuifanya iwe ngumu kiasi cha kufungwa kwenye mfupa. Uzi wa kiwavi wa hariri una protini mbili: faibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, gundi inayoushikanisha. Gundi hiyo, inayohusishwa na mwili kuikataa hariri, huondolewa kwa kuchemsha vifuko vya viwavi katika maji ya magadi. Faibroini inayobaki huyeyushwa, humiminwa kwenye kalibu, hukaushwa ikawa kipande kigumu, kisha hukerezwa kwa mashine hadi ipate meno ya skrubu. Mwaka 2020 Kaplan na wenzake walieleza njia fupi zaidi: unga wa hariri kugandamizwa kwa nguvu kubwa katika joto la nyuzi 145 za Selsiasi.

Ugumu wake hutokana na molekuli za faibroini kujikunja na kulaliana katika tabaka zilizobanana. Tabaka hizo zikiwa nyingi, skrubu huchelewa kuyeyuka.

Kwa nguvu, hariri haifikii chuma, na hapo ndipo penye faida yake. Chuma ni kigumu mno kuliko mfupa. Kikibeba mzigo wote, mfupa hukosa kazi na kudhoofika. Hariri huuachia mfupa sehemu ya mzigo, wala haiharibu picha za eksirei. Lakini ikiyeyuka kabla mfupa haujaunga, ni hasara tupu. Kwa hiyo mifupa ya uso, isiyobeba uzito wa mwili, inafaa kutangulia kuliko paja.

Panya 6 ni mwanzo tu. Ukishauriwa leo kuwekewa vyuma, usikatae kwa kungojea hariri. Muulize daktari kama vitahitaji kutolewa, lini, na ni dalili gani zikurudishe hospitali mapema.