Mwendo wa Asubuhi kwa Mwenye Maradhi ya Sukari

Dada zetu wa pwani walioolewa Kitale husimulia kwanza baridi yake, kwani mji ule umeinuka karibu mita 1,900 juu ya bahari. Tulipopita huko, kisha tukateremka Bungoma, tulilostaajabia sisi ni jambo jingine: miguu imestaafu. Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli pale mpakani Busia na Malaba, sasa humchukua mama kutoka mlangoni hadi sokoni, na kumrudisha.

Swali tuliloulizwa zaidi na akina mama wenye kisukari cha aina ya pili lilikuwa hili: je, vidonge vya vitamini C na E havitoshi badala ya kutembea?

Sukari inapozidi katika damu, chembe hai za mwili huzalisha kwa wingi viini vikali viitwavyo radikali huru. Mfano wake ni cheche zirukazo kutoka jiko la mkaa: moja haidhuru, zikizidi huunguza mkeka. Hudhuru mishipa ya damu, neva, figo na macho. Mwili una wazima moto wake wenyewe, vimeng'enya kama katalasi na superoksidi dismutasi, lakini kwa mgonjwa wa sukari mara nyingi hawa huzidiwa.

La ajabu ni kwamba mazoezi nayo huzalisha cheche. Msuli ufanyao kazi hutoa radikali huru, na hizo chache ndizo ziuamshao mwili uongeze vimeng'enya vyake. Kinga hiyo hujengwa kwa majuma, haijengwi kwa siku moja. Wakati huo huo msuli huvuta sukari kutoka damuni hata insulini ikiwa dhaifu.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani, akiwemo Michael Ristow, walichapisha jaribio lao. Vijana wenye afya walifanya mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Waliomeza vidonge walikosa faida ambayo wenzao waliipata: insulini yao haikufanya kazi vizuri zaidi, na vimeng'enya vyao havikuongezeka. Hawakuwa wagonjwa wa sukari, basi tusilipanue jaribio kupita kiasi. Lakini fedha za vidonge, kwa maoni yetu, heri zinunue viatu. Machungwa na sukuma wiki hayamo katika shutuma hii.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kasi ya wastani, yaani uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mpango wa AMPATH, ulioanzia Eldoret mwaka 2001 kwa ajili ya UKIMWI, umeendelea hadi kuwahudumia wenye kisukari wa magharibi ya Kenya, na umewahi kuunganisha matibabu na vikundi vya akiba. Chama cha akina mama kikutanacho kila wiki kinaweza pia kutembea pamoja, mabuibui na yote.

Dawa zisiachwe. Atumiaye insulini au glibenklamaidi achukue kitu kitamu mfukoni, maana sukari huweza kushuka ghafla njiani. Avae viatu vilivyofunika vidole, si kandambili, na jioni aikague miguu yake, kwa kuwa ganzi huficha kidonda. Na anayefunga Ramadhani, kwa ruhusa ya daktari wake, asitembee kwa kasi saa za mwisho kabla ya magharibi. Atembee baada ya kufuturu.