Jina Moja, Vipimo Viwili

Katika taaluma ya isimu tunafundisha kwamba neno ni mapatano. Wasemaji wasipopatana, kila mmoja hubaki na maana yake, na mazungumzo huwa ya viziwi. Somo hili, aghalabu, hunijia nipitapo kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali mjini Kitengela, kando ya barabara iendayo Namanga.

Nunua nati ya nusu inchi kibanda hiki, kisha nyingine kibanda cha pili. Jina ni moja, na kwa macho hazina tofauti. Hata hivyo, huenda bolti iliyoikubali ya kwanza ikaikataa ya pili. Mnamo 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi, yaani meno ya nati na bolti, yenye pembe ya digrii 55. Mnamo 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza yake ya digrii 60. Katika bolti ya nusu inchi, ya Mwingereza ina meno 12 kwa kila inchi. Ya Mmarekani ina 13. Nati ikikutana na bolti isiyo yake, huingia kidogo, kisha hukwama. Fundi akilazimisha kwa spana, meno hukatika. Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuhusu hesi moja mnamo 1948, lakini mapatano hayo hayakuzing'oa bolti zilizokwisha kufungwa katika mashine za zamani.

Wala tusidhani kwamba huu ni upungufu wa jua kali peke yake. Huko Marekani chama kiitwacho SAAMI, kilichoundwa mwaka 1926, huchapisha vipimo vya risasi zinazotambuliwa rasmi. Wapo, hata hivyo, wapenzi wa bunduki wanaojibunia risasi zao kwa kubana shingo ya ganda au kubadili mabega yake. Hizo hazina mchoro uliopitishwa. Basi watengenezaji wawili huweza kuuza vyombo vya kuchongea chemba vyenye jina moja, kila kimoja kikachonga kwa kipimo chake. Chemba ikiwa finyu, risasi haiingii. Ikiwa pana mno, ganda huweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Watu watasema kwamba fundi hodari hahitaji majina, maana humwambia mteja alete bolti ya zamani aijaribu. Ni kweli, na ustadi huo nauheshimu. Lakini mfugaji wa Mashuuru ambaye pampu ya kisima chake imesimama hawezi kuituma bolti kwa simu. Anachoweza kutuma ni jina. Jina likimdanganya, nauli imepotea, na ng'ombe wanalala na kiu siku nyingine. Kajiado ni nchi kame. Huko kosa la jino moja hupimwa kwa maji.

Kiswahili chenyewe kilipitia njia hii. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Lahaja hazikufa, lakini mwalimu wa Kajiado na mwenzake wa Tanga walipata mahali pamoja pa kurejelea.

Kwa viwanda vyetu, mahali hapo papo. Sheria ya Viwango imekuwapo tangu miaka ya 1970, na shirika la KEBS lipo. Kinachokosekana ni kuvifikisha viwango hivyo kibandani kwa lugha aisemayo fundi. Hapana budi vyuo vya ufundi viwafunze wanafunzi kulitaja jina kamili: si "nusu inchi" tu, bali "nusu inchi, meno 12". Nanyi walimu wa Kiswahili, msiwaachie wenzenu wa hisabati kazi hii. Mwanafunzi akiandika insha ya maelezo, mwulizeni: je, msomaji aliye mbali ataweza kukitengeneza kitu hiki kwa maneno yako pekee?