Zilipendwa za Roki Katika Masafa ya 105.2

Ndugu msomaji, najua ukisikia neno roki utasema hizo ni kelele za Wazungu. Hata mimi nilisema hivyo hivyo mpaka Disemba iliyopita, shangazi yangu ambaye ni muuguzi mjini Birmingham, Uingereza, alipokuja nyumbani. Alimkuta Babu ameshika redio yake, anazungusha huku na huku akitafuta kipindi cha zilipendwa ambacho kituo kimoja kilikiondoa bila hata kuaga. Shangazi akacheka, akasema, "Baba, hata kule yamewapata." Basi nikaanza kuuliza na kusoma.

Kwanza ujue kwamba Birmingham na miji jirani ya West Midlands ndiko kwao roki nzito. Kikundi cha Black Sabbath kilianzishwa huko mwaka 1968, na Judas Priest mwaka uliofuata. Mpiga gitaa wa Sabbath, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mashoto, kwa hivyo huo ndio mkono wa kubonyezea nyuzi! Lakini bwana, hakuacha. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole na kuvivika ngozi. Baadaye akazilegeza nyuzi, na ile sauti ya kunguruma ikazidi kuwa nzito.

Sasa tuje kwenye redio. Planet Rock ni kituo cha zilipendwa za roki kilichoanza mwaka 1999 kwa njia ya dijitali. Mwaka 2008 wenyewe walitaka kukifunga. Mfanyabiashara Malcolm Bluemel akakinunua, na miongoni mwa wanamuziki waliojiunga naye alikuwa nani? Iommi yule yule wa vidole! Mwaka 2013 kampuni ya Bauer ikakichukua, na Septemba kikawekwa katika FM 105.2 ya West Midlands, masafa yaliyokuwa ya Kerrang! tangu 2004. Nyimbo zikawa zimerudi kwao.

Lakini hazikukaa. Mwaka 2015 masafa hayo yakapewa Absolute Radio, na mwaka 2019 yakawa ya Greatest Hits Radio. Planet Rock haikufa, ilibaki katika dijitali. Hapa ndipo penye taabu. Katika FM, kila kituo kina masafa yake mahali pale, kama mtu na shamba lake. Katika dijitali, vituo vingi hubanana ndani ya masafa mamoja kama abiria wa matatu, na redio maalum ndiyo inayowatenganisha. Redio ya zamani ya FM haiwezi kuwatenganisha hata kidogo. Basi mzee wa Birmingham mwenye gari kuukuu aliachwa na nyimbo zilizotungwa mtaani kwake, eti anunue redio nyingine! Mimi naona hawakutendewa haki.

Nilimweleza Babu haya yote jioni moja. Habari za masafa hazikumgusa sana. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na huyo wa vidole, bado anapiga?" Nikamwambia tarehe 5 Julai 2025 alipiga na wenzake wa Sabbath katika uwanja wa Villa Park, huko huko Birmingham, mara ya mwisho. Babu akasema, "Aa," akaichukua redio, akaanza kuizungusha tena.