Kushambulia na Kujihifadhi katika Mbio za Naivasha

Mwaka 2024 na tena 2025, Safari Rally iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, na katika nyumba nyingi za pwani vijana walikaa mbele ya televisheni wakingoja adhana ya magharibi, huku magari yakitimua vumbi huko Naivasha. Waliyaona yakiserereka katika kona na kuruka matuta. Hesabu inayopigwa ndani ya kichwa cha dereva haionekani kwenye kioo, nasi twaona ndiyo inayostahili kuzungumzwa na watoto wetu.

Tangu mashindano haya yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kitovu chake kimekuwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Njia zake hupita Kedong, Loldia, Soysambu, Elmenteita na Hell's Gate. Udongo wa bonde hilo umetokana na majivu ya volkano: ukikauka huwa laini kama unga na kuficha mawe, ukinyeshewa huwa utelezi mtupu. Siku chache kabla ya mbio dereva huruhusiwa kuikagua njia kwa mwendo wa kawaida, akimwandikisha msaidizi wake sifa za kila kona. Lakini yakishapita magari kumi, jiwe lililokuwa limezikwa limefukuliwa, na maelezo yaliyoandikwa yamekuwa ya kale.

Basi hapo ndipo dereva huamua. Palipo na ardhi ngumu na nyoofu hushambulia: huchelewa kukanyaga breki, huuachia mkia wa gari userereke ili pua ielekee mahali pa kutokea, kisha hukanyaga mafuta. Palipo na mawe hujihifadhi: hupunguza mwendo mapema, huyaacha magurudumu yafuate mifuo ya waliotangulia, na hukubali sekunde zipotee. Mtazamaji aweza kumdhania mwoga.

Mwaka 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima, muda ambao katika mbio za siku hizi ni utajiri. Asubuhi hiyo, huko Loldia, shokamzoba ya nyuma ilivunjika na safari yake ikaishia hapo. Hatusemi kwamba alikwenda ovyo. Ila gari la mbio huweka kumbukumbu ya kila pigo lililopokea tangu siku ya kwanza, na haitangazi siku ya kudai deni lake. Uongozi ulimwangukia Takamoto Katsuta wa Japani, naye Sébastien Ogier wa Ufaransa, aliyepoteza muda mwingi Ijumaa kwa hitilafu ya namna hiyo hiyo, alimfikia na kumpita siku ile ile. Ogier hakujaribu kuirudisha hasara yake yote kwa pigo moja; aliirudisha kidogo kidogo.

Wazee wetu wanazikumbuka safari za zamani, zilizokuwa za maelfu ya kilomita na ambazo miaka mingine zilishuka hadi Mombasa, zikipita katika barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Mwaka 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa adhabu. Ushindi alipewa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mtu huyo baadaye alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Jambo moja hatuna budi kulitaja, kwani wapo vijana wanaotoka kwenye televisheni wakaenda moja kwa moja kwenye pikipiki au gari la baba. Siku hizi njia za mashindano hufungwa. Dereva amevaa kofia ngumu, amefungwa mikanda, amezungukwa na fremu ya chuma, na madaktari wanangoja. Kijana anayerudi kutoka Naivasha kwa barabara ya Mai Mahiu hukutana na malori yanayopanda kutoka bondeni, matatu yanayoyapita kwenye kona, na mama anayevuka na mtoto mgongoni, naye hana msaidizi wa kumsomea kilicho mbele.