Bumu ni Mbwa wa Nani?

Alikuja hosteli kwetu wiki ile ile fedha za mkopo zilipoingia, ndiyo maana tukampa jina Bumu. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Kila chumba kilimlisha: huyu ukoko wa wali, yule mifupa ya kuku kutoka kwa mama ntilie. Ukiuliza ni mbwa wa nani, jibu lilikuwa moja tu: "Wetu sote." Na mimi nilijibu hivyo hivyo semista nzima, hadi usiku mmoja wa wiki ya mitihani alipomng'ata mwenzangu wa chumba.

Hakufanya kwa ubaya. Umeme ulikuwa umekatika, mwenzangu akamkanyaga mkia kwenye ngazi, naye akageuka. Meno mawili yakazama kwenye shavu la mguu. Damu ilitoka kidogo tu. Mwenyewe akataka kupaka spiriti, afunge kitambaa, arudi kusoma, maana kesho yake ana pepa. Sisi wengine tukafungua zahanati pale pale ngazini: mmoja weka chumvi, mwingine eti pilipili. Aliyetuokoa ni mzee wetu mlinzi. "Wanangu, acheni mchezo," alisema. "Sabuni iko wapi? Bomba liko wapi?"

Kumbe yule mzee alijua kitu ambacho sisi wasomi hatukukijua.

Kwanza, kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu husababishwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, kirusi huingia kwenye jeraha na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na ndiyo nafasi yako ya kupona. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuchanganyikiwa, kupooza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna cha hospitali kubwa wala ndogo.

Kwa hiyo ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usiweke chumvi, pilipili, majivu wala oili. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Chanjo hutolewa kwa ratiba, sindano zaidi ya moja, na jeraha lililopenya ngozi huweza kuhitaji pia sindano ya kingamwili. Usiruke hata siku moja kwa sababu ya pepa.

Mbwa naye asiuawe haraka. Kama anaweza kufungwa salama, huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, maana yake hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini wewe usisubiri hizo siku 10 ndipo uanze chanjo. Bumu alifungwa karibu na kibanda cha mlinzi, na kila asubuhi kabla ya kipindi nilipita kumchungulia: anakula? anakunywa maji? ananijua? Sijawahi kufurahi hivyo kuona mbwa akitikisa mkia. Siku ya 10 ilipita, akawa mzima. Mwenzangu alikuwa keshachomwa sindano na kufanya pepa zake huku anachechemea.

Haya yote yangezuiwa na chanjo moja ya mbwa. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Katika eneo lolote, asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na baadhi ya halmashauri huendesha uchanjaji siku za karibu na hapo. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako.

Kupe, viroboto na minyoo

Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja Bumu, alimshika sikio akaligeuza. Jamani! Kupe walikuwa wamejipanga kama foleni ya kafteria. Kupe hunyonya damu na pia humwachia mbwa vijidudu vinavyoharibu damu yake. Dalili ni homa, kukosa hamu ya kula, fizi kupauka, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, au damu kutoka puani. Ukiona hivyo, usingoje wikiendi.

Kupe mmoja mmoja unaweza kumtoa kwa kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kumpasua. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Wakiwa wengi, nunua dawa ya kuogeshea kwenye duka la dawa za mifugo, ukisoma vipimo vya mbwa. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya ng'ombe inaweza kumuua mbwa. Vivyo hivyo oili chafu ya gari, ambayo watu humpaka mbwa mwenye upele: ngozi huifyonza, na akijilamba anakunywa sumu.

Viroboto huleta muwasho na pia hueneza aina ya tegu. Minyoo mingine ya mbwa huweza kumpata binadamu kupitia kinyesi kilichochanganyika na udongo, hasa watoto wanaochezea mchanga. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Nawe nawa mikono ukishamshika.

Watoto wa mbwa

Kuna ugonjwa unaoitwa pavo, na huua watoto wa mbwa kwa kasi. Mtoto anazubaa, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu kali. Kinachomuua mara nyingi ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo kila saa ina thamani. Kirusi chake hukaa kwenye udongo na sakafuni kwa miezi, na sabuni ya kawaida haikiwezi; hutumika dawa ya kufanyia nguo kuwa nyeupe, iliyochanganywa na maji. Chanjo huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi mtoto afike wiki ya 16. Kabla hajamaliza, usimzungushe kwenye mbwa wa mitaani.

Msosi na dawa za binadamu

Hapa ndipo tulipokuwa tunamkosea Bumu kwa upendo kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na kuchana utumbo. Vitunguu, viwe vya maji au swaumu, huharibu damu ya mbwa, na mabaki ya pilau yamejaa vyote viwili. Chokoleti na zabibu pia ni sumu kwake. Mpe ugali au wali mweupe na dagaa au nyama isiyo na viungo, na maji safi wakati wote.

Na tafadhali, usimpe Panadol, diklofenaki wala brufeni. Mwili wa mbwa si mwili wako mdogo. Dawa inayokutuliza wewe kichwa inaweza kumharibu ini, figo au tumbo.

Nani mwenyewe?

Tulichangishana watu 12, shilingi 2,000 kila mmoja, akachanjwa na kupewa dawa ya minyoo. Haikuwa hata bei ya chipsi kuku kwa kichwa. Kadi yake ya chanjo ipo kwenye kibanda cha mlinzi, imebandikwa ukutani, na tarehe ya kurudia imezungushiwa wino mwekundu.

Tatizo ni kwamba tarehe hiyo itatukuta wengi wetu tumeshamaliza chuo. Mzee mlinzi ameniuliza mara mbili sasa: "Binti yangu, mkiondoka, huyu namwachia nani?" Nimekosa jibu. "Wetu sote" haliwezi tena kuwa jibu, kwa sababu mbwa wa wote ndiye yule aliyekaa semista nzima bila chanjo.

Kama unaingia mwaka wa pili na unakaa bweni letu, pita kibandani. Msalimie mzee, mwombe akuonyeshe ile kadi, kisha andika jina lako chini yake.