Ukoo, Olosho na Malisho: Desturi za Kuhamisha Mifugo katika Nchi ya Wamaasai

Katika maandishi mengi ya Kiswahili juu ya wafugaji, neno «ukoo» hutumiwa kwa kila kikundi kilicho kidogo kuliko kabila. Kwa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, matumizi hayo huficha jambo kubwa. Lugha yao, Kimaa, hutenganisha vikundi viwili. Olgilata ni ukoo wa damu, unaofuata upande wa baba. Olosho ni sehemu ya taifa yenye nchi yake, kama vile Ilkisongo, Iloitai au Ilpurko. Makala haya yanaeleza jinsi kila kimoja kinavyoongoza safari za mifugo.

Kanuni ya msingi ni moja kwa wote. Wakati wa mvua, makundi huenda nyanda za wazi, ambako maji hupatikana katika madimbwi. Mahali penye maji ya kudumu huachwa papumzike. Wakati wa kiangazi, mifugo hurudi huko. Desturi hutofautiana kwa sababu hazina ya kiangazi si ileile kila mahali.

Kwa Ilkisongo wa Amboseli, hazina hiyo ni vinamasi vinavyolishwa na chemchemi za chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa Iloitai ni msitu wa mlimani uitwao Naimina Enkiyio, yaani msitu wa mtoto aliyepotea, ambamo ng'ombe hupata nyasi katika nafasi zilizo wazi kati ya miti.

Ngorongoro inaonyesha kwamba mvua na nyasi peke yake hazitoshi kueleza safari. Nyanda za nyasi fupi ni malisho bora ya masika, lakini yapata Februari na Machi nyumbu huzalia huko. Ndama wa nyumbu hueneza virusi ambavyo havimdhuru nyumbu, bali humwua ng'ombe. Kwa hiyo wafugaji hubaki nyuandani za juu au pembezoni hadi hatari ipungue, ingawa nyasi za chini zimekwisha kuota.

Karibu na boma, vilevile, hutengwa olopololi, malisho ya ndama na ya wanyama wagonjwa au dhaifu. Wazee ndio wanaoamua lini lifungwe na lini lifunguliwe, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini.

Mambo yote hayo ni ya olosho: ndiyo yenye nchi, nayo ndiyo inayofunga na kufungua malisho. Je, ukoo una kazi gani? Nguvu yake imo katika kutawanyika. Watu wa ukoo mmoja, kama vile Ilmolelian au Ilaiser, hupatikana katika olosho nyingi. Ukame unapozidi, mfugaji huvuka mpaka wa olosho yake na kuomba malisho kwa wenyeji, na mwenzake wa ukoo aweza kumpokea na kumsemea mbele ya wazee. Alama zinazochanjwa masikioni mwa ng'ombe au kuchomwa ngozini husaidia kumtambua mnyama aliyepotea katika nchi ya wengine. Kwa ufupi, olosho hupanga mwaka wa kawaida. Ukoo huokoa katika mwaka mbaya.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 iliwezesha ardhi ya wafugaji kuandikishwa kwa vikundi vya wanachama waliotajwa majina, vyenye mipaka midogo kuliko ile ya olosho. Hivyo malisho ya masika na ya kiangazi yaliweza kuangukia mikononi mwa wenyeji tofauti. Baadaye vikundi vingi viligawanya ardhi yao kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja. Penye uzio, mgeni hana tena baraza la wazee la kuliomba. Anamkuta mwenye hati tu, na udugu wa ukoo hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Kwa hiyo inafaa mfasiri aliweke neno «ukoo» kwa olgilata peke yake, na kuiacha olosho kwa jina lake, pamoja na maelezo mafupi. Msomaji anayedhani kwamba ukoo ndio wenye malisho hataelewa kwa nini ng'ombe wa mtu mmoja huonekana, mwaka wa ukame, katika nchi isiyo yake, tena kwa haki.