Nani Achukue Hasara ya Jaribio?

Twajua sote mithali isemayo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Upare ni nchi iliyosifika zamani kwa wahunzi wake, nayo yaifahamu vema. Lakini mithali hiyo humfariji mhunzi awezaye kupata koleo la pili. Mkulima wa Same mwenye ekari moja ya mahindi akijaribu njia mpya, na mvua za vuli zikamkosa, watoto wake watakula nini hata masika? Kwa sababu hiyo mkulima maskini hudhaniwa kuwa mwoga wa mambo mapya. Kumbe si mwoga, anajua kuhesabu.

Wazee wa Upare waliijua hesabu hiyo. Walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo yajazwayo maji ya kijito usiku, kisha hufunguliwa mchana, maji yakagawiwa mashambani kwa zamu. Kazi hiyo na ya kusafisha mifereji ilifanywa kwa msaragambo, watu wote wakiitwa. Basi, ndiva ilipobomoka, hasara haikuangukia nyumba moja. Mojawapo ya ndiva hizo ni ile ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala.

Katika miaka iliyofuata 2003, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini walifanya utafiti katika bonde la Makanya. Walijaribu pamoja na wakulima, katika mashamba yao wenyewe: kukinga maji ya mvua yaingie shambani, kuchimba matuta ya fanya juu, na kutumia jembe lichanalo mstari mmoja tu pasipo kuupindua udongo. Mavuno ya mahindi yaliongezeka, ingawa hayakuwa sawa kila msimu. Fedha iliyoanzisha kazi ile ilikuwa ya utafiti, wala si mkopo wa mkulima.

Mkopo una kazi yake nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha bila riba vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Yafaa sana kwa kazi iliyokwisha kuthibitika, kama kuongeza tangawizi kule Mamba Miamba inakostawi. Lakini hata mkopo usio na riba hulipwa, mvua inyeshe isinyeshe.

Basi, wazazi na walimu, yashikeni haya matatu. Kwanza, jambo jipya lijaribiwe katika pembe ndogo ya shamba, ambayo nyumba yaweza kuyakosa mavuno yake isife njaa. Pili, kikundi cha akiba kitenge mfuko mdogo wa majaribio, na mwanachama aliyejaribu kwa bidii akashindwa asidaiwe. Tatu, walimu wawasaidie wakulima kuandika siku za kupanda, siku za mvua, na madebe yaliyovunwa katika kipande kipya na kile cha zamani. Daftari hilo litamwonyesha jirani ukweli, na mwenye fedha ataona neno la kumsadikisha.

Shamba lenyewe msiliweke rehani kwa ajili ya jaribio. Koleo likivunjika hutafutwa jingine. Shamba likichukuliwa, wana watalima wapi?